Mshauri Aliyenipita Sokoni

Siku ya kwanza kwenda kwa mshauri tulikuwa wanne: mimi, mama mkwe, shemeji yangu mkubwa, na kuku. Kuku mwenyewe alikuwa jike mweupe, amefungwa miguu kwa kamba ya katani, na mama mkwe alikuwa amembeba kwapani kutoka Matungu. Shemeji alikuwa amevaa koti lake la harusi. Nilipomuuliza koti la nini kwenye jua lile, alinijibu kwamba mtu haendi kikaoni na shati tupu, tena kikao chenyewe kinahusu heshima ya nyumba yao.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua tunakwenda kufanya nini. Miaka ile ya tisini, Kakamega, ukisema unaenda kuonana na mshauri watu walifikiria mambo mawili tu: ama ndoa yako imeoza, ama una ule ugonjwa ambao hakuna aliyeuita kwa jina. Mimi sikuwa na lolote kati ya hayo. Muuguzi mmoja wa hospitali alikuwa ameniandikia kwenye kikaratasi jina la mama aliyekuwa na chumba nyuma ya kanisa mjini, akaniambia niende kila Jumatano nikazungumze.

"Nizungumze nini?"

"Utajua ukifika."

Nikarudi nyumbani nikawaambia watu kuna kikao Jumatano. Kwetu jambo likishindikana nyumbani hupelekwa kwa watu, na huendi kwa watu peke yako kama mwizi, wala huendi mikono mitupu. Ndiyo maana shemeji akapiga pasi koti, na mama mkwe akakamata kuku.

Kesi yenyewe ilikuwa mimi. Nieleze.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa mvulana. Alipofika miaka mitatu malaria ilimchukua kwa siku mbili, na sijawahi kupata maneno ya kusema siku mbili zile zilivyokuwa. Tulimzika Matungu, kwa baba yake. Mpaka siku hiyo mimi nilikuwa Mama Fulani. Mtaa mzima wa Shieywe, kuanzia muuza maziwa mpaka mke wa pasta, uliniita kwa jina la kijana wangu. Baada ya mazishi jina likakatika. Watu hawakujua waniite nani. Jirani yangu, aliyezoea kuniita kwa sauti kutoka ng'ambo ya ua, sasa alikuwa anakohoa kwanza ili nigeuke. Hakuna aliyelitaja jina lile tena, si mume wangu, si mimi. Walisema ni kunihurumia.

Mwaka uliofuata nikazaa msichana. Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha sukari, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini. Mtoto alipofika miezi mitatu likizo zangu zote zilikuwa zimekwisha, na yaya akaenda kwao Jumamosi asirudi. Jumatatu niliamka, nikaoga, nikanywa chai, nikafunga mlango kwa kufuli, nikaenda kazini. Nilisaini kitabu cha mahudhurio. Nikapiga chapa barua mbili, tena bila kosa. Saa nne jirani yangu akaingia ofisini mbio, kitambaa kimemtoka kichwani, akasema mbele ya kila mtu, "Mtoto analia ndani ya nyumba yako na mlango una kufuli!"

Nikamuuliza, "Mtoto gani?"

Mayi wee. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu, na watu saba waliyasikia. Laiti ningekuwa nimeamua kumwacha, ningekuwa mtu mbaya, na mtu mbaya anajulikana ni wa namna gani. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba nina mtoto. Nilitoka pale nikikimbia bila kiatu kimoja, na tulipofungua mlango alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, mdomo uko wazi na hakuna kinachotoka. Jirani ndiye aliyemwinua. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika kufuli.

Mama mkwe alifika kesho yake. Hakunipigia kelele, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua nguo zake, akaniambia, "Nitamlea mpaka atembee. Akitembea kwangu na wewe bado uko hivi, atakuwa wangu, na usije kunisumbua." Akaenda zake Matungu.

Pasta alikuja kuniombea mara nne. Mume wangu alinunua dawa ya kuongeza damu. Mara moja kwa mwezi nilienda Matungu, nikakaa kwenye kiti cha mbali karibu na dirisha, na sikumshika mtoto. Alijifunza kukaa, akajifunza kutambaa. Alikuwa na miezi tisa tulipoenda kwa mshauri na kuku wetu.

Sasa, mshauri. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nikakuta mama wa makamo, sweta ya kijani, miwani, viti na kimeza chenye saa ndogo na karatasi ya chooni iliyokunjwa vizuri. Alitusalimu wote kwa mikono miwili. Shemeji akabaki amesimama, akakohoa, akaanza, "Mama, sisi tumekuja na mgonjwa wetu. Nina mambo matano."

Alimwacha aseme yote matano. Jambo la nne lilikuwa kwamba tangu zamani mimi nina hasira, na hilo ni kweli. Alipomaliza mshauri akamshukuru, kisha akasema, "Sasa naomba nibaki na huyu mama peke yake."

"Peke yake?" Mama mkwe aligeuka kunitazama, akamtazama tena mshauri. "Atasemanga nini, na yeye ndiye mgonjwa?"

"Lolote atakalo."

Hapo mama mkwe akaona labda tumechelewa kutoa heshima. Akamweka kuku sakafuni, mbele ya miguu ya mshauri, akasema huyu ni wako. Na yule mama, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Asante sana, mama. Lakini sitaweza kumpokea."

Nilitamani ardhi ipasuke. Katika maisha yangu nimeona watu wakikataa posa, wakikataa rushwa, wakikataa hata kulipwa. Sijawahi kuona mtu akikataa kuku aliyeletewa kwa heshima. Shemeji alifunga vifungo vya koti lake. Mama mkwe akasema huyu kuku alikuja kutoa shukrani na hatoki humu, akatoka yeye. Wakakaa kwenye benchi chini ya dirisha, na kuku akabaki chini ya kiti changu.

Mshauri akaanza kunieleza taratibu zake. Tutakaa dakika hamsini. Nitakayosema hayatatoka mle ndani, isipokuwa akiona nataka kujidhuru au kumdhuru mtoto. Hapo itabidi amwambie mtu, na ataniambia mimi kwanza. Hatanipa dawa. Hataniambia la kufanya. Kulikuwa na jambo lingine, sijui kuhusu tukikutana nje, lakini hapo ndipo kuku alipoanza kupigapiga mabawa na kupiga makelele, na mama mkwe akachungulia dirishani kuona anachinjwa au vipi. Niliona midomo ya mshauri ikienda, nikaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye lile la kutoniambia la kufanya. Ati nini? Nimeomba ruhusa kazini, nimeleta watu kutoka Matungu, kumbe mtu mwenyewe hana la kusema? Nilimsubiri aniulize kuhusu kufuli. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufuli. Yeye akanyamaza, mikono kwenye mapaja, ananitazama bila haraka, mpaka nikadhani amesahau tulipofikia.

Kisha akauliza, "Nikuite nani?"

Swali la kijinga kabisa, la mtu wa kujaza fomu. Nikafungua mdomo nimjibu, na jina la kijana wangu likafika mpaka kwenye meno. Mama Fulani. Likakataa kutoka, likakataa kurudi. Nilishtuka kusikia sauti ndani ya chumba, sauti ya ajabu, nikatazama chini nikifikiri ni kuku. Ilikuwa mimi. Sikuwa nimelia tangu makaburini, na sasa nililia mpaka saa yake ndogo ikafika mwisho, na hakuniambia ninyamaze hata mara moja. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuniacha nilie. Wengine wote walikuwa wakinipa chai.

Nje, mama mkwe akaniuliza, "Amekuambia ufanye nini?"

"Hakuna."

"Muda wote huo? Hakuna?" Alikuwa ameshambeba kuku tena, maana mshauri alinisindikiza mpaka mlangoni akamrudishia. Tulitembea mpaka barabarani. Hapo ndipo aliposema, "Mtu anayekataa ingokho yako ameona kitu kibaya ndani yako." Shemeji akasema amina, sijui kwa nini.

Nilirudi Jumatano iliyofuata peke yangu, saa ya chakula cha mchana. Ofisini nilisema jino linaniuma. Jumatano ya tatu mkubwa wangu akaniuliza nina meno mangapi. Mshauri alishalijua jina, nilimtajia siku ya pili, kwa sauti ndogo sana, naye akawa ananiita Mama Fulani kila nilipoingia, bila kukohoa, bila kuangalia chini. Kila mara nilishtuka, na kila mara nilitaka aseme tena. Siku ya tatu akauliza, "Na msichana wako, macho yake ni ya nani?" Nikatafuta kichwani. Nikakuta sijui. Miezi tisa na zaidi, na sikujua macho ya mwanangu yako vipi. Nilikwenda kuketi mbele ya taipu alasiri ile nikiwa na aibu mpaka masikioni.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya sokoni.

Nilikuwa nachagua omena pamoja na jirani yangu, yule yule aliyekuja mbio siku ya kufuli. Nikainua kichwa, nikamwona mshauri anakuja na kikapu. Moyo wangu ulifurahi, sitadanganya. Kwetu anayepita ndiye humsalimu aliyesimama, basi nikafuta mkono kwenye leso, nikautayarisha, nikaweka na tabasamu. Macho yake yalinifikia. Yalitulia juu yangu kidogo, alinijua kabisa. Kisha yakahamia kwenye nyanya, na yeye akapita. Alipita karibu nami mpaka sweta yake ikagusa kiwiko changu.

Nilibaki na mkono hewani.

Kwani mimi ni nini? Kwetu hata mtu mliyeshtakiana kwa chifu unamsalimu kwanza, unaulizia watoto na ng'ombe, ndipo mnatukanana. Mtu anayekujua na anakupita bila salamu ni adui, au ni mchawi, au anakuona wewe ndiye mchawi. Nimemwonyesha mwanamke huyu machozi ambayo mume wangu hajayaona! Jirani akaniuliza mbona nimebadilika uso. Nikamwambia omena hizi zina mchanga, nikazimwaga zote kwenye beseni la mwenyewe, nikatukanwa na muuzaji, nikaenda nyumbani. Njia nzima nilimsikia mama mkwe: ameona kitu kibaya ndani yako.

Jumatano ile sikwenda. Wala iliyofuata. Mkubwa wangu akanipongeza kwamba jino limepona. Mume wangu aliporudi Jumamosi alikaa kitandani akivua viatu polepole, akasema bila kunitazama, "Mama anasema mtoto ameanza kusimama. Anashika kiti, anasimama."

"Peke yake?"

"Peke yake. Bado tu hatua." Kisha akaniuliza, "Unaendanga kule kwa yule mama bado?" Nilihesabu majuma yaliyobaki kabla mtoto hajatembea, nikaona hayatoshi.

Jumatano ya tatu nilikwenda, lakini nilikwenda kugombana. Sikukaa. Nilisimama mlangoni mwake nikamwambia kwamba mimi si mbwa. Nikamwambia kwamba kama ameniona ni mtu mchafu angeniambia tangu siku ile ya kuku, sio kuninyonya siri zangu na kisha kunipita mbele ya watu. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Alisikiliza yote.

"Ulikuwa na mtu," akasema. "Ningekusalimu, angekuuliza mmejuana wapi. Ungemjibu nini?"

Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Nilikuambia siku ya kwanza. Nje ya hapa, ukinisalimu wewe kwanza, nitakuitikia kwa furaha. Usiponisalimu, nitapita. Ni wewe unayechagua nani ajue."

"Siku ya kwanza kulikuwa na kuku!" nikapiga kelele.

Alifunika mdomo kwa mkono. Mabega yake yakatikisika, na Mungu anisamehe, nami pia nilianza kucheka, nikiwa bado na hasira. Akavua miwani akaifuta. "Pole. Ningehakikisha umenisikia," akasema. "Kosa ni langu." Hilo nalo lilinishtua, sikuwa nimezoea mtu mkubwa kukiri kosa. Kisha akauliza, "Ilikuwaje, kupitwa hivyo?"

"Ilikuwaje? Ilikuwa kama mimi sipo! Umeniona, umenijua, ukaamua sipo. Nimekuwekea uso, nimekuwekea mkono, na wewe unaangalia nyanya. Hata mtoto mdogo ukimpita hivyo anajua kwamba..."

Nikashika fremu ya mlango.

Nilikuwa namwona mwanangu. Tangu ajue kutambaa, kila mwezi nikifika Matungu alitambaa mpaka mlangoni, akaketi pale kwenye udongo, akaniinulia uso. Nami nilimruka. Nilimsalimu bibi yake, nikamsalimu shemeji, nikaulizia ng'ombe mmoja mmoja, nikaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani. Yeye alinifuata kwa uso mpaka shingo ikachoka. Nilimtendea hivyo mara tatu.

Nikakaa. Nikamwambia mshauri yote hayo, na nikamwambia jambo ambalo sikujua kwamba ninalijua: kwamba nilikuwa naogopa. Yule wa kwanza nilimwita kutwa kucha, nilimjua mpaka kucha zake, na akaenda kwa siku mbili. Huyu nilifikiri nisipomwita labda atabaki.

Mshauri hakusema kitu. Safari hii sikudhani amesahau.

"Niambie la kufanya," nikamwomba.

"Wewe unataka kufanya nini?"

"Nataka kumsalimu."

"Haya," akasema.

Niliomba ruhusa ya Ijumaa, na mara hii nilisema kweli: naenda kumwona mtoto wangu. Nilifika Matungu kabla ya adhuhuri. Mama mkwe alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, na mtoto alikuwa nyuma yake ameshika bega lake. Aliponiona aliliacha lile bega. Akasimama bila kushika chochote, tumbo mbele. Akainua mguu mmoja, akauweka. Akainua mwingine.

"Ametembea Jumanne," mama mkwe akasema, bila kuacha mahindi.

Woi. Jumanne! Nilikuwa nimekaa mjini nikipiga chapa barua za watu, na siku tatu tu zilikuwa zimenipita. Nilikumbuka maneno ya mama mkwe siku alipomchukua, kila neno. Mtoto alikuja hivyo hivyo, anayumba, mpaka akafika mbele ya miguu yangu. Akanyoosha mkono.

Nilipiga magoti kwenye vumbi, nikiwa na sketi ya ofisini. "Mulembe, mama," nikamwambia. Mkono wake ulikuwa unanata kwa miwa. Macho yake ni ya kaka yake. Ni yale yale, na hakuna aliyekuwa ameniambia, labda kwa kunihurumia.

"Anasalimianga wageni wote hivyo," mama mkwe akasema.

Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniingia. Kisha akainuka, akajipangusa, akamwita shemeji kwa sauti amkamate kuku mweupe, maana mgeni amefika. Nikamtazama kuku. Alikuwa yule yule.

"Usichinje, mama," nikasema. "Mgeni ndiye huchinjiwa." Nilikuwa bado nimepiga magoti, mkono wa mtoto ndani ya mkono wangu. "Unga uko wapi? Nitasonga obusuma mimi."

Shemeji alikuwa amefika, anasubiri aambiwe akamate kuku au asikamate. Mama mkwe akapeleka mikono kiunoni, akafungua leso yake, akanitupia.

Nilimweka mtoto mgongoni. Alianza kulia kabla sijafunga fundo, analia kwa nguvu, anajipinda, ananyoosha mikono kwa bibi yake anayemjua. Bibi yake akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono imefungwa kifuani, na hakumchukua. Niliweka maji motoni. Nilitia unga, nikasonga, na yeye analia sikioni mwangu, anapiga mgongo wangu kwa ngumi, na jasho na machozi yake yalinishuka shingoni. Sikumshusha. Alilia tangu nilipofunga leso mpaka sima ikaiva, na nilimsikia.